Mshale Uliopotea Chini ya Mukau

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hilo linajulikana kuanzia Mikinduri nilikozaliwa hadi Siakago nilikooa. Kwa hiyo siku niliyompigia mama mkwe kelele, hakuna aliyeshangaa sana. Nilitozwa mbuzi, basi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa fundi cherehani pale Siakago, nikishona kaptura za wanafunzi, na rafiki yangu wa pekee katika joto lile alikuwa kaka ya mke wangu. Yeye aliwinda kwa mishale. Leseni za uwindaji zilikuwepo, ila zilikuwa za wenye bunduki. Sisi tuliingia nyika ya kaunsili, ardhi ya kila mtu, tukijua fika kwamba askari wa wanyama akitukuta tutalala ndani.

Kupiga swala ni jambo la dakika. Kazi ni kutafuta mahali. Kiangazi kile tulizunguka asubuhi kwa asubuhi kabla sijafungua kibanda changu, na mimi mtu wa milimani niliona vichaka tu, vyote sura moja. Yeye alikataa hapa kwa sababu ng'ombe walipita, akakataa pale kwa sababu ndege walikuwa na kelele. Nilianza kumwona kama bibi harusi anayechagua kitambaa. Mwishowe tukafika kwenye mti wa mukau uliokuwa ukidondosha matunda. Akaokota kinyesi, akakivunja kwa vidole.

"Cheki, muthoni. Hii ni ya leo. Wanakuja kula hii matunda."

Muthoni ndilo jina tulilotumia, yeye kwangu na mimi kwake, kama wakwe wanavyoitana huku. Akarusha vumbi juu, likaturudia usoni. Upepo ulitoka upande wa mukau na nyasi ndefu kuja kwetu.

"Hapa ni pazuri. Hata ukikohoa, huko hawasikii."

Ambacho hatukukumbuka ni kwamba mbuzi nao wanapenda matunda ya mukau. Na mwenye mbuzi upande ule alikuwa nani, kama si mama yake, mama mkwe wangu? Mtu mzima mwenye akili angeliwaza hilo. Sisi tuliwaza nyama.

Siku tuliyorudi na upinde, swala dume alikuja mapema. Muthoni alifungua ukanda wa ngozi unaozuia sumu ya mshale isikauke, akavuta, akaachilia. Swala akaruka na kupotelea korongoni. Mshale hatukuona ulikoangukia.

Nilimwona rafiki yangu akinywea. Sumu ile ikigusa damu, hata kwa mkwaruzo mdogo, haina dawa. Wawindaji wa kwao wana sharti moja lisilovunjwa: huondoki mahali mpaka mshale wako upatikane.

"Nafuata damu," alisema. "Kama hakuna damu, basi iko kwa nyasi. Wewe kaa hapa. Mtu asipite."

Akateremka korongoni. Hakupita muda nikasikia kengele za mbuzi. Mama mkwe alikuwa anakuja kwa kijia kinachokata zile nyasi, leso mabegani, miguu mitupu.

Mkwe na mama mkwe huku hawakutani uso kwa uso. Wakionana njiani, mmoja huacha njia na kujitenga majanini mpaka mwenzake apite. Mama yule alishika desturi hiyo kuliko katekista anavyoshika amri kumi. Kijia chenyewe kilikuwa salama, kimekanyagwa kikawa cheupe, hata sindano ungeiona. Angefuata kijia tu, hakukuwa na neno. Lakini nilisimama ili nimwonye.

Aliniona. Akavuta leso kufunika uso, akaacha njia, akaingia kwenye nyasi upande uleule mshale ulikoelekea.

"Mama! Simama! Usiende huko!"

Upepo ulinirudishia maneno mdomoni. Yeye aliona tu mkwe wake akirusha mikono na kupayuka kama mlevi, akaharakisha. Nikapiga hatua kumwelekea, akazidi kuingia ndani. Hapo nikaelewa kwamba ni mimi ninayemsukuma. Dawa ilikuwa moja, nisiwepo. Nikajitupa nyuma ya kichuguu, uso kwenye vumbi, roho mkononi. Kutomwona kulikuwa kubaya kuliko kumwona. Nilingoja ukelele. Nilimwomba Mungu kwa Kimeru, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenitoka chote.

Kengele zikanyamaza. Kisha nikamsikia akiwafukuza mbuzi kwa ukali ambao sikuuzoea kwake, na sauti ikasogea kijiani, ikapita, ikaenda. Nyuma yangu wanawake waliobeba kuni walikuwa wamesimama vinywa wazi. Wao upepo uliwaletea kila neno.

"Huyu fundi anatukana mama ya bibi yake?"

Muthoni alirudi bila kuona damu. Tulifuata nyayo za mama yake kwenye nyasi. Pale zilipoishia, umbali wa kunyoosha mkono, mshale ulikuwa umenasa kwenye shina la nyasi, manyoya ya mkiani chini, ncha ikitazama juu, usawa wa ugoko. Tawi bichi lililovunjwa lilikuwa limelazwa kando yake. Sikulitilia maanani. Rafiki yangu alikaa chini akalia.

"Baba asijue," alisema. "Alinikataza kupiga mahali watu wanachunga. Muthoni, tafadhali."

Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kwa baba mkwe, na hukumu ilikuwa mbuzi. Nilichomeka ndani. Neno moja lingeniokoa, na neno hilohilo lingemwangamiza rafiki yangu. Nikatoa mbuzi.

Siku ya kumchinja, wanaume tulikaa uani. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta wa fito wa jikoni, akisema nami kupitia kwa mke wangu, kama ilivyo adabu, ingawa sote tulisikia.

"Muulize alikuwa anapiga kelele ya nini."

Muthoni aliacha kutafuna.

"Mwambie niliona nyoka kwa nyasi," nikajibu.

Halafu sauti ikatoka taratibu.

"Mwambie hata mimi nilimwona. Alikuwa na manyoya mkiani. Nikamwekea tawi, watoto wa watu wasimkanyage."

Baba mkwe alicheka, akasema uzee umeanza kumharibu mama huyu macho. Muthoni aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mimi nilikuwa na kipande cha ini mkononi, nikampa mke wangu ampelekee mama yake jikoni.