Muuza Mayai ya Bata

Rokiah, anayeuza batiki meza ya pili, alimjua jirani yake kwa mikono kwanza: mikono myeupe kwa chumvi ya kuhifadhia mayai, isiyotulia, inayopangusa kila yai la bata kama uso wa mtoto. Sauti ilikuja baadaye, na ilipokuja, soko zima la Terengganu lilisikia. Haipiti wiki bila mwanamume kuinama mezani pake na kunong'ona, "Shangazi, yale ya kasa yapo?" Yamepigwa marufuku, lakini wapo wanaoamini kwamba yanarudisha nguvu za kiume. Muuza mayai hupangusa yai lake mpaka ling'ae, kisha huuliza kwa sauti ya kufika kwa wauza samaki, "Ya kasa? Pole baba, kwani nyumbani mambo yamelala?" Kicheko huanzia kwenye samaki, kikazunguka mbogani, na mteja huondoka na mayai ya bata ambayo hakuyafuata. Siku hizi safu ile hakuna anayethubutu kuficha ya kasa chini ya meza.

Ndiyo maana Rokiah alishangaa alfajiri ile wanakijiji walipowaachia kasa wachanga ufukweni, nyuma ya soko. Jirani yake alisimama kimya, ushungi mdomoni, hata kukohoa hakukohoa. Vidude vile vilijikokota kuelekea majini, isipokuwa kimoja, kilichoziona taa za soko kikageuza njia. Hapo sauti ikarudi. Akachuchumaa, akakizibia taa kwa upindo wa saruni yake.

"Geuka, mwanangu. Huko sokoni kuna wanaume na shida zao."

Kikageuka.