Sentensi Iliyopigiwa Makofi

Maji yaliyochemshwa kwa kuni hayafichi moshi wake. Nikiyanusa tu, hata leo jikoni kwangu, nasimama tena katika kile kipindi cha Kiingereza, kidato cha kwanza, Kidodi.

Somo lilikuwa kipindupindu na kuchemsha maji ya kunywa. Mezani kwa mwalimu kulikuwa na kibao chenye kamba. Aliyeropoka Kiswahili alikivaa shingoni hadi jioni, shule nzima ikimcheka.

Asubuhi hiyo nyumbani nilimwacha mdogo wangu mgongoni kwa bibi, midomo imemkauka. Mama alikuwa kibaruani, kwenye mashamba ya miwa. “Kaombe ruhusa, mjukuu wangu, urudi upesi tumpeleke zahanati,” bibi aliniambia.

Nikanyoosha mkono. Nikasimama, nikaokoteza Kiingereza neno kwa neno: mdogo wangu anatapika na kuharisha tangu alfajiri.

“Vizuri sana!” mwalimu akasema kwa Kiingereza. “Sentensi nzuri mno. Wote, rudieni!”

Darasa zima likaitikia kwa sauti moja kwamba mdogo wangu anatapika na kuharisha tangu alfajiri. Likarudia, kwa nguvu zaidi. Kisha nikapigiwa makofi.

Kiswahili kilinijaa mdomoni. Nikakitazama kile kibao, nikakaa.