Adui Yangu wa Ijumaa

Wanangu wanapenda kusema baba yao alikuwa akicheza mieleka, kama vile nlikuwa nikicheza karata. Nna makovu kichwani mpaka leo, kinyozi akininyoa anayazunguka. Wadi Kabir, nyuma ya magereji, kila Ijumaa watu wakishasali na kula, tulikuwa tukifunga ulingo wetu wenyewe: mbao chini, springi za lori, turubali juu. Siku nyengine badala ya kamba tulizungusha seng'enge yenye miba. Hatukuwa na kampuni wala tajiri wa kutushika mkono. Watu walikaa juu ya maboneti na mapipa, Mbaluchi, Mhindi, Mpemba, na walikuja kuona damu. Tuliwapa damu.

Mie nlikuwa fundi wa bodi, nanyoosha magari yaliyogongwa. Skuli nlisoma mpaka nikajua kuandika jina langu, nikatoka. Kila nlichonacho leo, gereji yangu na nyumba hii ya Mabela, nimekipata kwa nyundo. Nasema hivi kwa kujisifu, maana nikingoja mwengine anisifu nitazikwa kwanza.

Ulingoni nlikuwa mbaya. Lazima mbaya awepo, la sivyo huyo mzuri atampiga nani? Mzuri alikuwa swahibu yangu, fundi umeme wa gereji ya pili, wazee wake walitoka Unguja wakaja nchi hii ya Waarabu, kama wangu. Ana sura ya upole, watu wakimpenda bila ya kumjua. Mie nlimpiga kwa kiti, nikamvunjia mgongoni taa zile ndefu za vioo, nikamburura kwenye miba, na mwisho yeye ndiye aliyenilaza. Kila mara ni hivyo. Watu wakanirushia chupa na viatu, nami nikarudi nyumbani mwili unaniuma, moyo umetulia. Kumfanya mwenzako apendwe ni kazi, na mie niliijua.

Lakini kazi ile ilikuwa na sharti. Wanaopigana ulingoni hawapatani nje. Hamsalimiani mbele za watu, hamli pamoja, hampandi gari moja. Mtu akikuona Jumapili unacheka na adui yako, Ijumaa haji tena. Na siri haiingii nyumbani, kwa mke ndiyo kabisa. Tuliapa, mie na yeye, mikono juu ya msahafu. Tukitaka kupanga pambano tulikwenda Qantab, kijiji cha pwani, kila mtu na njia yake, huko hakuna aliyetujua ila wavuvi, nao hawakutushughulikia. Tulichoma samaki, tukapanga nani atapiga wapi na nani atatoa damu. Damu tulijikata wenyewe, kwa kipande cha wembe kilichofichwa kwenye plasta ya kidole.

Mke wangu hakujua hayo. Alimchukia mtu yule chuki ya kweli, na vipi asimchukie? Yeye ndiye aliyekuwa akinikosha majaraha kwa maji ya chumvi, huku akimlaani.

Alipojifungua binti yetu wa kwanza, mke wa swahibu yangu alileta sahani ya mkate wa kumimina, ule wa mchele, nazi na iliki. Naye hakuambiwa kitu. Alitaka tu waume wapatane. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Unatia chochote, japo ndizi, japo sukari. Mke wangu hakuinua hata kawa iliyoifunika. Aliirudisha sahani na mkate wake, ungali wa moto, mbele ya wanawake waliokuja kumpa hongera. Mwanamke kurudishiwa sahani yake imejaa ni sawa na kutemewa mate usoni. Mie nlikuwa nimesimama ukumbini. Niliona, nikaiacha sahani iende.

Kesho yake nikamkuta swahibu yangu Qantab ana furushi la gazeti.

"Yakhe, mkeo hodari," akasema. "Angeingia yeye ulingoni, mie ningeacha kazi."

"Mkeo je?"

"Kalia sana. Lakini Wadi Kabir nzima wanayo khabari. Ijumaa hii hapatapatikana pa kukaa."

Akafungua gazeti. Ulikuwa mkate ule ule. Tuliula wote, hatukubakisha.

Na Ijumaa ile kweli hapakuwa na pa kukaa.

Miaka ikapita, ulingo ukavunjwa, mbao zikachukuliwa na wenye haja nazo. Sisi tukanenepa. Lakini kiapo kilibaki. Kwenye harusi wenyeji wakituweka mbali mbali, wakidhani wanatufanyia hisani. Mke wangu njiani akimwona swahibu yangu alikuwa akivuka barabara, kamshika binti yetu mkono.

Alipofariki mke wangu, swahibu yangu alinipigia simu.

"Mie siji," akasema. "Nikija kubeba jeneza watu watasema tulikuwa tukiwadanganya. Neno ni neno."

Nikamwambia sawa. Na nitasema ukweli, nilimheshimu kwa hilo. Mtu anayeshika neno mpaka makaburini, nikaona, huyo ndiye mtu. Watu waliokuja kunipa mkono wa taazia wakatazama nani hayupo, wakatikisa vichwa, nami nikavumilia.

Juzi juzi akaja kijana Mkenya anayepiga picha za harusi. Kaziona mahali kanda za video watu walizoturikodi zamani, kapandwa na wazimu. Anataka turudi ulingoni mara moja tu, wote tulio hai, pale pale Wadi Kabir, arikodi, atie kwenye diski na sanduku lake lenye picha.

"Mzee, kuna watu mpaka leo wananunua hivi vitu," akaniambia. "Hawataki kuona kwa simu. Wanataka washike."

Nikakubali. Goti langu bovu, lakini nikakubali, na sababu nnaijua: wajukuu zangu hawajapata kuniona nikiwa mtu wa kuogopwa. Wananiona mzee wa kumeza vidonge.

Pambano lilikwenda vizuri. Nilimpiga swahibu yangu kwa kiti, akanipiga kwa kiti, tukavunja taa, akanilaza kama kawaida. Watu wakanizomea, mmoja akanirushia kiatu. Siku nyingi sikuwa nimefurahi vile.

Diski ilipotoka niliwaita wanangu wote Ijumaa, tukala, tukakaa majlisi na kahawa na halwa. Wajukuu wakaganda mbele ya televisheni. Nilipomburura yule bwana kwenye miba mdogo wao akasogea, akanishika mguu. Nilikuwa mfalme wa nyumba yangu.

Pambano likaisha, nikadhani ndiyo basi. Kumbe kuna kipande mbele ambacho sikuonyeshwa. Yule bwana kakaa kwenye kiti cha gereji, bendeji kichwani, anaulizwa masuali, anajibu huku anacheka.

"Yule? Yule ni ndugu yangu. Siku zote tulikuwa tukila samaki pamoja Qantab, watu wanadhani tutauana." Akasimulia wembe. Akasimulia kiapo. Kisha akasema, "Mkewe, Mungu amrehemu, alimrudishia mke wangu sahani ya mkate. Basi mkate wenyewe tuliula mie na yeye. Tulicheka siku ile."

Binti yangu, yule yule aliyeletewa mkate akiwa mchanga, akachukua rimoti akaizima televisheni. Akawapeleka watoto uani.

"Mama alijua?"

"Hakujua."

"Mpaka anakufa?"

"Mpaka anakufa," nikasema.

"Mie nilifundishwa nisimwamkie mtu yule," akasema. "Mtoto mdogo, navutwa mkono navuka barabara. Mama alikuwa akikukosha majaraha, baba. Na nyie mkimcheka."

"Aliyecheka ni yeye."

"Na aliyekula mkate?"

Akakusanya vikombe, vyengine vingali vina kahawa, akaenda navyo jikoni.

Nikampigia simu yule bwana hapo hapo. Nikamuuliza kwa nini.

"Khalas, bwana, yamekwisha," akasema. "Siku hizi kila mtoto anajua mieleka inapangwa. Siri ya nini tena? Kijana kaniuliza, nimemjibu."

"Mazikoni hukuja."

"Si wewe ulosema sawa?"

"Nilisema sawa kwa sababu ya neno. Kama neno lilikuwa la kuvunjwa, ungelivunja siku ile. Ungekuja ukashika jeneza, watu wakasema watakavyo. Umeliweka mpaka upate mtu wa kukurikodi."

Akacheka kicheko chake kile. "Umezeeka, yakhe, umekuwa na hasira za kitoto. Nitamwambia mama watoto akuletee kitu ule, yaishe."

Basi jana dereva wao akaja na sahani imefunikwa kitambaa cheupe. Binti yangu aliipokea mlangoni. Hakuhitaji kufunua, harufu ya iliki na nazi ilishaingia mpaka ndani. Tangu siku ile ya diski alikuwa akisema nami maneno ya lazima tu: chakula tayari, dawa umekunywa. Akaniangalia.

"Nitie nini?" akauliza, maana ndiyo ada.

"Usitie kitu. Usifunue. Irudishe."

"Mkewe naye hakuambiwa, baba. Yeye kosa lake nini?"

"Hana kosa. Irudishe."

Alisimama na sahani ile mikononi, nikadhani atakataa. Kisha akakinyoosha kitambaa pembe zake, moja moja.

"Mama aliishika hivi?"

"Hivyo hivyo."

Akatoka nayo mpaka garini, akampa dereva. Yule dereva akauliza amwambie nini bibi. Binti yangu akamwambia, "Mwambie hii ni ya mama yangu." Akarudi ndani, akanipita pale mlangoni, akaenda jikoni.

Mkate wa kumimina ndio chakula nnachokipenda kuliko vyote, na yule mtu anajua. Ule wa siku ile Qantab ulikuwa umepoa na umeshika wino wa gazeti kwa chini, tukaula hivyo hivyo. Huu wa jana ulikuwa wa moto.