Picha ya Gauni la Kijani

Jabir Mbarak alikuwa na imani mbili: kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba mtu hapigwi picha akiwa mchafu. Zote mbili alizirithi Mombasa kwa baba yake, mpiga picha wa zamani aliyekuwa akimrudisha mteja nyumbani akaoge kwanza.

Studio yake ilikuwa ghorofani River Road, juu ya duka la misumari na mabati. Ukutani lilining'inia pazia lililochorwa ngazi za marumaru na chungu cha maua. Kando yake yalikuwa mavazi ya kuazima: koti la buluu, tai ya lastiki, na blauzi nyeupe yenye kola ya lesi iliyoshonwa na mkewe, Mishi. Viatu vilikuwa jozi moja tu, vipana, na mwenye mguu mdogo alijaziwa magazeti. Nusu ya Nairobi ya siku zile ilipita ndani ya koti lile. Vibarua wa mikokoteni walipanda ngazi wakitoka jasho, na picha zao zikaenda kwao mashambani wakiwa mabwana wakubwa. Jabir hakuuita huo uongo. Aliuita sitara. Mtu akitazamwa na wasiomjua, alisema, na atazamwe amesitirika.

Basi mwaka ule mvua zilipogoma Ukambani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, chama kimoja cha hisani kikamletea kazi. Ofisi yao ilikuwa kwenye nyumba yenye bustani kubwa upande wa Lavington, na shughuli yao ilikuwa kuwatafutia watoto wa mashambani wafadhili wa ng'ambo wa kuwalipia karo. Mtoto hupigwa picha, picha huvuka bahari, na huko watu wema huzipekua kama wachaguavyo watu kanga dukani, kila mmoja akamchukua aliyemvutia. Karani wa chama alikuwa Gichuru wa Riruta, mtu wa haraka haraka lakini mwenye moyo safi. Alimchagua Jabir kwa sababu studio yake haikuwa mbali na kituo cha mabasi.

Watoto waliletwa kwa lori kutoka Kitui, wakapimwa na daktari, wakalala kwenye ukumbi wa kanisa Riruta, na asubuhi wakapandishwa River Road. Jabir alipoiona ile miguu iliyopauka kwa vumbi, na yale mashati yenye madirisha kila upande, alimwita Mishi upesi. Mishi akaja na beseni, sabuni na mafuta ya nazi, akawasugua mmoja mmoja kana kwamba ni wanawe na ni asubuhi ya Idi. Koti likazunguka, blauzi ikazunguka, viatu vikatembea miguu ya kila namna.

Wa mwisho alikuwa msichana aitwaye Syombua, yatima aliyelelewa na nyanya yake. Alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, msichana wa kwanza kijijini kwao, na alikuwa ameitwa shule ya bweni. Karo ndiyo iliyokosekana. Shule zikifunguliwa Januari naye hayupo, nafasi atapewa mwingine, na hapo ndipo masomo yake yangeishia. Aliyaeleza hayo bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Lakini alipojiona kwenye kioo, uso wake juu ya ile kola ya lesi, alicheka, na Jabir akamdaka papo hapo. Picha nzuri kama ile alikuwa hajaipiga mwaka mzima. Alimwambia Mishi kwamba atakayeukataa uso huu hana macho, tena wema hauozi.

Desemba ilipoingia, Gichuru akamwita Kenyatta Market, kwenye vibanda vya nyama choma. Jabir hakumjua aliyechinja, akaagiza chai. Gichuru alikula kwanza akashiba, maana habari mbaya haitaki tumbo tupu. Tumbo la msemaji, wala si la msikilizaji.

"Bwana Jabir," alisema alipomaliza kupangusa vidole, "picha zako ni safi sana. Hiyo ndio shida. Watoto wako hakuna mtu amechukua. Hata mmoja."

Jabir aliweka kikombe chini. Gichuru akaendelea, macho yake kwenye mifupa. Kulikuwa na kundi jingine la watoto waliopigwa picha huko huko vijijini, juani, na nzi machoni. Hao walichukuliwa wote. Hawa wa Jabir walirudishwa na swali, kwamba mbona chama kinawaombea karo watoto wa matajiri.

Jabir akasema lakini wale ni maskini, kila mtu anajua.

"Wewe unajua. Mimi najua. Wale wako na picha peke yake."

Kisha akamwambia lililobaki. Wakubwa wake walikuwa wamekubali kutuma tena picha moja tu kabla shule hazijafunguliwa, ya yule msichana wa bweni. Lakini safari hii blauzi isiwepo, pazia lisiwepo, na kicheko kisiwepo.

Jabir alirudi mjini kwa miguu. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea, aliwaza, lakini huu uchi haukuwa wake. Alikuwa ameuficha wa watoto wa watu, kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo amewafungia mlango wa shule. Tangu aishike kamera hakuwahi kuona aibu kama siku ile.

Kule Kitui wakapata ujumbe wa maneno mawili matatu: picha ya kwanza imekataliwa, mtoto aletwe tena. Nyanya wa Syombua aliwaza kama ambavyo Jabir mwenyewe angewaza. Akaona mtoto hakupendeza vya kutosha, na nguo za kuazima zinajulikana tu hata kwa Mzungu. Mbuzi aliyesazwa na ukame akamwuza. Akamnunulia mjukuu gauni la kijani lenye mshipi, soksi nyeupe, na viatu vya kumtosha. Hivyo ndivyo walivyozipanda ngazi za River Road, mzee mbele na gauni nyuma yake, na Gichuru aliyewapokea kituoni akifuata.

"Leo hatuazimi, mwanangu," nyanya alimwambia Jabir, akimgeuza mtoto ili aonekane na mgongoni.

Jabir alilisifia gauni. Akamtazama Gichuru, na Gichuru akatazama dari. Ilikuwa wapi ile haraka yake? Mwishowe karani alimshika nyanya mkono akamteremsha chini kwenye hoteli, akamnunulie chai na mandazi, akisema mambo ya picha huchosha wazee. Alikuwa amepata njia ya kutokuwepo.

Wakabaki watatu, Jabir, Mishi na msichana. Jabir akamuuliza Syombua kama amekuja na nguo nyingine. Alikuwa nayo kikapuni, sare ya zamani aliyosafiria, imeachia begani na kiunoni. Jabir akamwomba aende nyuma ya pazia, Mishi amsaidie kuivaa.

"Hili ni baya?" msichana akauliza, ameshika mshipi wa gauni.

"Ni zuri sana."

"Basi nilivulie nini?"

Maisha yake yote Jabir alikuwa hodari wa maneno na wateja. Aliwafanya wazee wakali watabasamu na maharusi waache kutetemeka. Sasa aliinamia kamera, akaifuta lenzi iliyokwisha kufutwa.

"Ndivyo wanavyotaka, mwanangu," alisema.

Syombua alipotoka nyuma ya pazia alikuwa peku, na sare imemning'inia. Walimsimamisha penye ukuta mtupu, pale plasta ilipobanduka. Jabir alimwambia asicheke, na wala hapakuwa na haja. Syombua alikuwa akilitazama gauni la kijani lililokunjwa mikononi mwa Mishi, na pole pole akaelewa kitu gani kilichokuwa kikitakiwa kwake. Machozi yakamjaa, akayazuia, yakamshinda. Mkono wa Jabir ulikuwa umezoea kungoja uso ufunguke. Ukabonyeza, haukumuuliza mwenyewe. Mishi akageukia dirishani.

Baadaye walimnawisha, wakamvisha tena gauni lake na viatu vyake. Jabir akamwomba asimame mbele ya ngazi za marumaru ampige nyingine, ya bure, ya kupeleka nyumbani. Syombua akatikisa kichwa kukataa. Jabir hakumlazimisha. Msichana akateremka ngazi akiwa nadhifu kama alivyopanda, na nyanya yake, mdomo una sukari ya mandazi, hakuona tofauti yoyote.

Kabla Januari haijafika Gichuru alipanda zile ngazi mbio, anahema kwa furaha. Syombua amepata mfadhili. Tena chama kinataka wale wengine wote wapigwe upya, kama hii, hii hasa. Jabir hakukataa. Angekataaje? Kukataa picha moja ni kumwacha mtoto mmoja nje ya lango la shule. Akawapiga, mwaka ule na miaka iliyofuata, na Mishi hakuja tena na beseni. Likizo zilipokuja Syombua alipitia River Road kwenda kwao, lakini ngazi zile hakuzipanda.

Aliyezipanda ni nyanya yake, mwaka wa pili, na mfuko wa pojo begani. Amekuja kushukuru, alisema. Mjukuu wake anaongoza darasa. Mishi akamkalisha, akampa maji. Mzee akapumzika, akazitazama picha za ukutani, mabwana wote wale wa koti moja la buluu, kisha akaomba alilojia.

"Nataka ile yake ya gauni la kijani. Niitundike nyumbani. Mbuzi wangu aliingia humo."

Jabir alifungua droo, akaifunga. Ndani yake mlikuwa na Syombua anayecheka ndani ya blauzi ya watu, na Syombua anayelia ukutani. Wa kijani hakuwamo.

"Ilikuwa moja tu, nyanya," alisema. "Ilikwenda na ndege."

Mzee aliwaza kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Haikumuuma sana. Alisema basi si neno, iko kwa wenyewe waliomsomesha, na bila shaka wameiweka mahali pazuri.

"Wanamwona alivyopendeza?"

"Wanamwona, nyanya," Jabir alisema.