Saa Iliyoandikwa kwenye Selotepu

Nafasi ya kazi ilikuwa moja, na sisi tulikuwa wawili, mimi na msichana niliyesoma naye. Tulihitimu pamoja chuoni Juja, mimi nikiwa na alama bora kuliko zake, kisha tukakutana tena Ruiru katika karakana ya betri za pikipiki za umeme. Miezi mitatu ya majaribio, halafu mmoja abaki.

Msichana huyo alipendwa bila kujitahidi. Fundi mkuu, mama tuliyemwita Madam, alicheka naye kwa Kikuyu huku mimi nikihesabu vicheko. Jioni, nyumbani Kiganjo, nilirudia kila neno kichwani nikitafuta mahali waliponitaja.

Kazi yetu ilikuwa chipu. Ndani ya kila betri kuna chipu inayohesabu chaji inayoingia na kutoka. Ukiiriset, yaani ukiianzisha upya, inasahau hesabu yote. Inapima volti za wakati huo, kisha inakisia asilimia na kuanzia hapo.

Wiki ya kwanza aliniambia, "Injinia, betri ikitoka kwa chaja usiriset hapo hapo. Iache itulie, ata kama ni saa moja."

"Poa," nikajibu. Moyoni nikasema huyu anataka nionekane mzembe. Yeye aliandika saa betri ilipotoka kwenye chaja kwenye kipande cha selotepu, akakibandika juu ya betri, akaenda kunywa chai na Madam. Chai hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Alhamisi ya mwisho tulipewa betri kumi, tano kila mmoja. Tulizitoa kwenye chaja pamoja, kabla hazijajaa. Nikariset zangu papo hapo. Zote zilisoma asilimia tisini na sita. Zake, baada ya chai, zilisoma themanini na moja. Nilifurahi hadi nikaona haya, nikamwita Madam aje aone.

Madam alichukua betri moja yangu na moja yake, akaziunganisha na taa kubwa za majaribio. Tukatazama chaji ikishuka hadi alasiri. Yangu ilizimika ghafla, kioo chake bado kikionyesha asilimia kumi na tano. Yake ilizimika ikisoma moja.

"Haiya!" Madam akasema. "Mtu wa boda yuko Mugutha na abiria, anaona kumi na tano, anajua atafika. Atafika na nini? Nani aliriset hii?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Betri zangu hazikuwa na selotepu.

"Ilikuwa bado na volti za juu za chaja, hazijashuka, Madam," yule msichana akasema haraka. "Turudie tu. Mimi pia nilikosea hivyo siku ya kwanza."

"Ulimwambia?"

Akanyamaza. Angesema ndiyo, na ingekuwa kweli. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake kuliko ambavyo ningemchukia angesema.

"Aliniambia," nikajibu mimi.

Ijumaa alipewa kazi. Nilimwandikia ujumbe wa pongezi, nikaufuta mara nne, mwishowe nikatuma neno moja tu: Hongera. Akajibu, "Asante Injinia, ukipata betri niite." Nimelichunguza jibu hilo kwa wiki kadhaa na sijaona kejeli ndani yake.

Siku hizi natengeneza betri za watu hapa Kiganjo. Kila inapotoka kwenye chaja naandika saa kwenye selotepu, naibandika, nakaa kando. Mwandiko ni wangu. Bado naona wake.