Gideoni, Kamera na Nyani wa Ndiva

"Futa!" nilimwambia.

"Sifuti, Bibi."

"Nimesema futa. Baba yako aliweka sheria mwenyewe, nikiwa nimekaa hapa hapa nachambua maharage: mtu hapigwi picha bila kuombwa. Wewe uliniomba?"

"Sikukuomba," akasema Devotha, "kwa sababu nilidhani ni nyani."

Mdogo wake, Koleta, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nami ningecheka, kama nyani mwenyewe asingekuwa mimi.

Baba yao, mwanangu Gideoni, alikuwa amekaa kwenye kigoda, kamera mapajani, anapangusa kioo chake kwa kitambaa laini kama anayempangusa mtoto mchanga. Hakunitazama. Huyu akikosa la kusema hupangusa kioo.

"Gideoni, sema na mwanao."

"Nianze na nani, mama? Na mwanangu au na mama yangu?"

Basi ngoja niwaeleze habari za Gideoni, mjue tulifikaje hapo. Ni fundi wa redio na simu pale Same mjini. Siku tano anainamia mashine za watu, Ijumaa jioni anapanda gari la mlimani na kurudi kwetu huku Mbaga, mkate kwapani. Hanywi, hachezi bao, na maneno hana. Maneno yote ya ukoo niliyachukua mimi kabla hajazaliwa. Ana mchezo mmoja tu, kamera. Watu huwa nawaambia kwamba kamera ile ilidondoshwa na Mzungu aliyekimbizwa na tembo kule Mkomazi, tembo akaiokota kwa mkonga, akajipiga picha mbili nzuri sana ndipo akaitupa. Ukweli ni kwamba aliikuta gulioni kwenye mtumba, imekufa, akaifufua kwa bisibisi nyembamba kuliko sindano. Ila ya tembo ni tamu zaidi.

Mtu mwingine akipata kitu kama kile hukifungia kabatini, watoto wakisogea anawafokea. Gideoni aliwapa wanawe siku ile ile ilipopata uhai, na akiwa Same huwaachia wiki nzima. Devotha ana miaka kumi na miwili, Koleta tisa. Kila Jumamosi wanatoka wote watatu, wanapita mashambani kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea. Kila mtoto ana picha tatu kwa siku. Tatu! Hata upinde wa mvua ukishuka ukaota moto jikoni kwangu, kama umemaliza zako utautazama kwa macho.

"Ukiwa na mia hutatazama," huwaambia. "Ukiwa na tatu, utatazama."

Kwa hiyo wanatazama. Wanafanya dirisha kwa vidole, wanachungulia, wanasogea hatua moja, wanachungulia tena. Koleta alimzunguka jogoo wangu asubuhi nzima, jogoo akaona haya mpaka akataga yai.

Sheria ya pili ndiyo hiyo ya kuomba. Ya tatu inasema picha ni ya aliyepiga. Hakuna wa kuifuta ila mwenyewe, hata baba haruhusiwi. Mimi nilizipenda sana sheria hizo mpaka Jumatano iliyopita.

Sasa, huku kwetu shamba halinyweshwi kwa bomba. Mfereji unatoka msituni, jioni tunauelekeza kwenye ndiva, bwawa la mawe na udongo walilochimba babu zetu. Linajaa usiku kucha. Asubuhi, saa moja, mwenye zamu anachomoa kizibo na maji yanateremka shambani kwake. Anayetaka zamu huenda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Ukikosa mara tatu, zamu yako inarukwa. Mimi nimekosa mara tatu. Wazee wamesamehewa, sikatai. Unasimama mbele ya kikao, unasema magoti yamekwisha, na wanakuandika kwenye orodha yao. Lakini mfereji ule niliuzibua kabla Loth, mwenyekiti wetu wa ndiva, hajaota jino hata moja. Leo nisimame mbele ya Loth niseme nimezeeka? Afadhali tangawizi yangu ikauke.

Ilipoanza kukauka kweli, niliona si afadhali.

Nikashuka ndivani alfajiri ya Jumatano, zamu ikiwa ya Loth mwenyewe. Nikachomoa kizibo, maji yakateremkia tangawizi yangu, nikangoja kiasi cha sufuria ya chai kuchemka, nikaziba, nikarudi kulala. Wiki iliyofuata tena. Loth akakuta ndiva imepungua, akaitisha kikao. Nilisimama wa kwanza, maana anayelalamika kwanza hashukiwi. Nikawaambia nimemwona mwizi kwa macho yangu: nyani dume, mzee, mvi mpaka kidevuni, anachomoa kizibo kwa mikono miwili, ananawa uso, anakiziba tena kwa adabu na kwenda zake.

"Ana mkia?" akauliza Benson wa ng'ambo ya mfereji, ambaye hapendi kudanganywa.

"Alikuwa ameukunja," nikamjibu. "Kulikuwa na umande."

Kikao kizima kikaitikia kwa kichwa. Loth, mtu mwema, akatengeneza sanamu la kumtisha nyani, akalivika koti lake la kanisani na kulisimamisha pembeni mwa ndiva.

Sikuhesabu jambo moja: wajukuu wangu huniamini. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alikuwa amewaambia watoto walete picha za mlima wetu, zitundikwe ukumbini mwa kanisa siku ya sikukuu ya mavuno. Watoto wengine walifikiria maua na machweo. Devotha alimfikiria nyani anayenawa uso. Jumatano akaamka gizani, akajibanza kwenye migomba juu ya ndiva, na kamera ya baba yake. Nyani akaja. Devotha alisubiri mwanga, kama alivyofundishwa, akapiga. Leo asubuhi alipoikuza ile picha ndipo akamwona nyani amevaa gauni langu la bluu.

Leo ni Jumamosi, kesho ni mavuno, na gari atakalopanda Gideoni kushuka Same kwenda kutoa picha linaondoka saa sita.

"Labda si mimi," nikasema. "Wanawake wa gauni la bluu ni wengi."

"Pembeni hapa imeandikwa Jumatano, saa kumi na mbili na dakika kumi," akasema Devotha, ameinamia kamera mapajani kwa baba yake.

"Mimi sikusoma. Kwangu hizo zinaweza kuwa namba za viatu."

"Mama," akasema Gideoni, na kitambaa akakiweka chini. "Ulikwenda mara ngapi?"

"Mara mbili. Tatu, na hiyo ya Jumatano."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekwenda msaragambo kwa niaba yako."

"Ungekwenda, halafu wangekuuliza mama yako ana nini."

Akamgeukia binti yake. "Devotha, ujue unachotundika. Watu wote wataiona. Sasa hivi zamu ya bibi yako inarukwa tu; wakijua hili wanaweza kumtoa kabisa kwenye ndiva. Bila maji hana shamba."

"Najua, baba." Akaielekezea kamera kidole. "Lakini ni picha yangu nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wewe mwenyewe ulisema, kabla hujajua ni nani. Ulisema, 'Hii hata mimi sijawahi kuipata.'"

"Nilisema."

"Na sasa ni mbaya?"

Gideoni akapapasa kutafuta kitambaa; kilikuwa mbali.

"Tuseme ni nyani aliyeiba gauni la Bibi kwenye kamba," akasema Koleta.

"Njoo hapa nikubusu," nikamwambia. "Wewe ndiye mrithi wangu."

"Mama, usiwafundishe hivyo!"

"Nimfundishe? Amezaliwa nayo huyu."

Gideoni akainuka. Nilitaka amwamuru. Baba yake Gideoni angemwamuru, na mimi ningemwamuru, na habari ingekwisha. Yeye akamwekea Devotha kamera mikononi, akamvisha na mkanda wake shingoni. "Sheria ni sheria. Picha ni yako. Kitufe cha kufuta unakijua. Sitakwambia ufute wala usifute."

Mtoto akasimama na kamera yake, kidole kimefika kwenye kitufe, machozi mawili yakashuka. Akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Bibi, ukisema tena futa, nitafuta. Ila uiangalie kwanza. Tangu asubuhi unapiga kelele, hujaiangalia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona bluu tu, nikaanza kelele.

Nikaichukua, nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu. Niseme nini? Gideoni hunipiga picha kila Pasaka, nimekaa wima kitini kama mtu anayesubiri hukumu. "Cheka, mama." "Nimeshacheka." Zile picha zote ni za kiti. Hii ilikuwa ya mtu. Mwanamke amechuchumaa ukingoni pekupeku, mikono imezama mpaka viwiko, maji yanaruka kwenye tundu kama shuka jeupe linalokung'utwa. Mwanga unamwangukia begani, umande umesimama juu ya majani, na khanga yake ameitundika kwenye mkono wa sanamu la Loth, utadhani mwenyekiti amesimama na koti lake la kanisani akimshikia mama huyu khanga kwa heshima. Na mwanamke anacheka. Hakuna aliyemwambia acheke.

"Ulijuaje kusubiri mpaka hapo?" nikauliza.

"Nilikuwa nimebakiwa na moja," akasema Devotha. "Mbili nilishazipiga kwenye giza, zikaharibika."

Nilimtazama Gideoni. Alikuwa amesimama mlangoni ametugeuzia mgongo, lakini masikio yake yalikuwa kwetu. Nikaelewa alichokuwa akiwafundisha Jumamosi zote zile, na nikafurahi kwamba kwa mara ya kwanza maneno yangu hayakuhitajika.

"Usifute," nikasema.

"Kweli, Bibi?"

"Ipelekwe Same, itolewe kubwa kuliko zote. Itundikwe palipo na dirisha. Lakini Loth asiione ukutani kabla hajaisikia kinywani mwangu. Nitamwambia leo."

"Utamwambiaje, mama?" akauliza Gideoni, bado amegeukia nje.

"Nitamwambia kwamba nilikuwa nimekwenda kumvizia nyani, na nyani aliponiona..."

"Bibi!"

"Mama!"

"Haya, haya. Nyie watu hamna ladha." Nikakaa sawa. "Nitamwambia ni mimi. Mara tatu. Na kwamba kama wananitoa wanitoe, na kama hawanitoi, basi waniandike kwenye ile orodha ya... ya wale wengine."

"Wale wengine kina nani?" akauliza Koleta, ambaye ananijua.

"Wale wasiokwenda msaragambo."

"Kwa nini hawaendi?"

Nilimkazia macho. Alinikazia yake. Neno 'mzee' nilikuwa sijawahi kulisema juu yangu mwenyewe. Magoti haya yaliniuma kwa siku mbili baada ya ile alfajiri ya ndivani, na hakuna niliyemwambia.

"Jaribu hapa hapa kwanza," akasema Gideoni taratibu, akarudi kukaa mbele yangu kwenye kigoda, mikono magotini kama mwenyekiti. "Mimi ndiye Loth. Karibu, mama, tunakusikiliza."

Watoto wakakaa pande zake mbili, kikao kamili. Nikasimama. Kwa kusimama nilishika meza, na safari hii sikuficha kwamba nimeshika.

"Mwenyekiti," nikasema, "nyani mnayemtafuta anaishi nyumba hii. Na mimi sasa ni..."

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Loth, buti za mpira zina tope mpaka magotini, kofia ameivua, hodi hakupiga.

"Shikamoo, mama," akasema, akitutazama mmoja mmoja tulivyokaa.