Maziwa Niliyoacha Nyuma ya Mlango

Nina ujanja mmoja ambao sikufundishwa chuoni: kujifanya nakunywa. Unainua bakuli kwa mikono miwili, unalowesha mdomo wa juu, unalishusha, unajifuta kwa kiganja na kusema, "Matamu haya, jamani." Ukifanya vizuri hakuna anayegundua. Mimi nilikuwa hodari. Ningekuwa mzembe kidogo, ningeaibika siku ya kwanza, na leo nisingekuwa na hili la kuandika.

Kazi yangu ni utafiti wa magonjwa yanayotoka kwa mifugo kuja kwa watu. Maabara yetu iko Dodoma mjini. Ugonjwa niliopangiwa unaitwa brusela. Wafugaji wanaujua kwa ng'ombe: ng'ombe mzima kabisa, kanawiri, ghafla anatupa mimba. Kwa binadamu unajificha ndani ya homa zisizoisha na viungo kuuma, na mtu anameza dawa za malaria mpaka anachoka. Mjamzito naye unaweza kumharibia mimba. Mlango wake mkubwa ni maziwa yasiyochemshwa, yawe mabichi au ya mgando. Hayo nayajua tangu mwaka wa pili chuoni. Nyumbani kwangu hata maziwa ya pakiti nachemsha, na dada ninayepanga naye nyumba ananiita mama mkaguzi.

Kaya zetu zilikuwa upande wa Bahi, kwenye majaruba ya mpunga na ng'ombe wengi. Kila kaya tuliitembelea mara tatu, miezi miwili kati ya ziara na ziara. Tunauliza maswali, tunachukua damu, tunaigandisha kwenye friza mpaka ziara zote ziishe, ndipo tunapima zote kwa pamoja. Ziara ya nne ni ya kurudisha majibu na kutoa elimu. Elimu mwisho. Mkuu wa utafiti alitueleza sababu mapema: "Mkiwaambia leo wachemshe maziwa, kesho mtapima nini?" Wote tukaitikia kwa vichwa. Simsingizii mtu, kichwa changu kiliitikia kuliko vyote. Nilikuwa mgeni kazini, nilitaka nionekane naelewa.

Nyumba ninayoisema ilikuwa ya bibi mmoja mjane, macho yake yameingia ukungu, anaona vivuli tu. Aliishi na mwanawe, ambaye mchana kutwa yuko na ng'ombe, na mkamwana wake, binti wa miaka ishirini hivi, mpole, mwenye kucheka kwa kuinamisha uso. Siku ya kwanza dereva wetu, mzaliwa wa hukohuko, alinionya tukiwa bado garini. "Dada, hapa ukiletewa maziwa usikatae. Ukiyakataa umemkataa mwenye nyumba."

"Mbukwa," nilisema mlangoni, neno pekee la Kigogo nililokuwa nalo, nikaongeza shikamoo kwa usalama. Bibi akafurahi, akaitikia yote mawili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akamwagiza mkamwana alete maziwa.

Kwanza nilifanya kazi. Mkamwana nilimhoji peke yake, uani, kama taratibu zinavyotaka. Swali la kumi na mbili: una ujauzito? Akatazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, bado mchanga, hata mama mkwe hajaambiwa. Nikaweka alama kwenye ndiyo. Swali la kumi na tatu: unakunywa maziwa yasiyochemshwa? "Nilikuwa nakunywa," alisema. "Sasa hapana. Mimba imeyakataa, nikiyanusa tu natapika." Nikaweka alama kwenye hapana.

Nakumbuka vizuri nilivyoshusha pumzi. Jibu lile lilikuwa limenitua mzigo. Kama hanywi, basi sina la kumwambia, utafiti uko salama na dhamiri yangu iko salama. Tena ng'ombe wanakamuliwa na mumewe, yeye hawagusi. Nilimchoma sindano, nikajaza kichupa chake, nikamshukuru kwa ushirikiano. Ushirikiano! Ndivyo tunavyosema.

Kisha bakuli likaja, maziwa ya mgando, mazito, yenye harufu nzuri ya moshi wa kibuyu. Bibi alikaa mbele yangu akielekeza sikio. Nikafanya ujanja wangu, na kumfanyia mtu asiyeona ni rahisi mno, hata mtoto angeweza. Nikasema matamu. Nilipoinuka kuaga, nikalisogeza bakuli nyuma ya mlango, penye kivuli, karibu na mtungi, likiwa limejaa kama lilivyoletwa. Nikatoka nikijipongeza. Garini nilimwambia dereva, "Nimekunywa yote," naye akasema sasa nimekuwa mwenyeji.

Ziara ya pili nilifanya vilevile. Tumbo la mkamwana lilikuwa limeanza kuonekana, na bibi alikuwa ameshaambiwa, anamwita mama nanihii kwa utani, kabla hata mtoto hajapata jina. Akamwambia kila jirani aliyepita kwamba mimi ndiye mgeni wake, mtu wa mjini asiye na maringo, bakuli lake hurudi tupu. Nilisikia hilo la bakuli tupu, nikalipita tu. Nilidhani ni maneno ya ukarimu, au pengine mbuzi aliingia akalamba. Mtafiti mzima, jambo lisiloelezeka limewekwa mbele yangu, na sikuuliza.

Ziara ya tatu, swali la kumi na mbili, mkamwana alitikisa kichwa. "Ilitoka," alisema. "Mwezi uliopita." Nikamwambia pole sana. Akasema ahsante, mipango ya Mungu. Nikaweka alama kwenye hapana, nikachukua damu, na nilipoletewa bakuli nikaliacha nyuma ya mlango kama kawaida. Kama kawaida. Ningeweza kuliruka neno hilo katika simulizi hii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulipopima, vichupa vyake vitatu vilikuja mfululizo. Cha kwanza safi. Cha pili kina brusela. Cha tatu kina brusela. Maana yake aliupata ndani ya ile miezi miwili baada ya mimi kufika kwao mara ya kwanza. Mkuu wa utafiti alikuja nyuma ya kiti changu, akatazama, akanigonga bega. "Safi sana. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta." Kwa watafiti, mtu aliyeingia mzima akaugua mbele ya macho yenu ni lulu, kwa sababu mnaweza kuuliza kilibadilika nini. Nilitabasamu. Halafu nikafungua fomu zake, moja, mbili, tatu, zote zinasema hanywi maziwa. Nikakaa nazo mchana mzima. Sikuelewa ameupatia wapi.

Ziara ya nne nilikwenda na barua ya kumpeleka zahanati, ambako dawa zake za wiki sita zilikuwa zinamsubiri, pamoja na karatasi yenye picha ya sufuria inayochemka. Tulikaa uani, mimi na yeye. Nikamweleza polepole kwamba damu yake ina ugonjwa, kwamba unatibika, kwamba unatoka kwenye maziwa yasiyochemshwa. Nikamwambia pia, kwa sababu ni haki yake kujua, kwamba huenda ndio uliotoa mimba. Huenda, nikasisitiza, hakuna anayeweza kuapa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikauliza, na hapa nilikuwa bado nauliza kama mtafiti, "Lakini wewe ulisema maziwa hunywi."

"Sinywi," alisema. "Nilikunywa yako tu."

Sikumwelewa. Akainamisha uso, akacheka kidogo, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu. "Yale uliyokuwa unaacha nyuma ya mlango. Nilikuona siku ya kwanza. Mama hupapasa bakuli la mgeni akishaondoka, apate kujua kama ameshiba. Angelikuta limejaa angeumia, angesema mtu wa mjini ametudharau. Na kumwaga maziwa katika nyumba hii haiwezekani, angesikia. Basi nikaziba pua nikanywa. Nilitapika baadaye, lakini yeye alifurahi."

Niliikalia mikono yangu. Nilitamani aseme kwa hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiambia jinsi alivyonisitiri.

Kisha nikaona anafikiri. Alitazama ile karatasi yenye sufuria, akanitazama mimi, akaitazama tena karatasi.

"Siku ile ya kwanza," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Ningeweza kusema tulikuwa bado hatujapima, na lingekuwa kweli. Ningeweza kusema ng'ombe wao pia hawakuwa wamepimwa, na hilo lingekuwa kweli. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Nilijua," nilisema.

"Na kwamba nina mimba, nilikuambia wewe kabla ya mama."

"Uliniambia."

Kuku alipita kati yetu, naye akamfukuza kwa mguu. "Ungeniambia," alisema. "Neno moja tu. Ningeyapeleka mbali nikayamwage."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na nikajichukia kwa kulia, maana aliyefiwa ni yeye na sasa ilimbidi anibembeleze mimi. Aliniwekea mkono begani kwa muda mfupi, akainuka, akaingia ndani. Nilisikia kuni zikivunjwa. Nikajua anafanya nini, nikabaki pale nilipo. Aliyachemsha maziwa mpaka yakafurika, kama picha ilivyoagiza, akayapoza kwa kumimina kutoka sufuria moja hadi nyingine, akaniita ndani kwa mama mkwe wake.

Bibi alikuwa amekaa pale pale pake, sikio limeelekezwa kwangu. Mkamwana akanipa bakuli mikononi, akasimama mbele yangu, hakuondoka. Nikanywa. Maziwa ya kuchemsha hayakuwa na ule moshi wa kibuyu, na bado yalikuwa na moto, nikaungua ulimi, nikanywa mpaka chini.

Alilipokea bakuli bila kulitazama, akamkabidhi mama mkwe. Bibi akaingiza vidole, akapapasa ndani kote, taratibu, mpaka kwenye kitako.

"Huyu mgeni wangu," alisema, "tangu aanze kuja, hajawahi kuniachia hata tone."

Mkamwana alinitazama. Alikuwa ananisubiri niseme kitu, na mimi nikasema, "Ahsante, bibi."